Mkwe Aliyekigomea Chakula cha Mfalme

Kitendawili, wajukuu zangu.

Nakutegea wewe hapo uliyeshika simu, usiangalie pembeni.

Meza imejaa, njaa inaniuma, mikono ninayo, meno ninayo, sijafungwa kamba, daktari hajanikataza. Lakini kula siwezi. Mimi ni nani?

Umeshindwa? Nipe mji.

Nipe Karatu yote pamoja na vumbi lake.

Haya, nimeupokea. Jibu utalikuta mbele ya safari, limekaa kwenye kiti cha mahameli, limevaa shati jeupe, linatazama dirishani. Nami nilikaa nalo meza moja mchana mzima bila kulijua, nikiungua kwa hasira mpaka kilemba kikalegea.

Sikiliza.

Mimi naitwa Selina. Ni Mwiraqw, mkulima wa vitunguu kule Baray. Shule niliishia la saba, mengine nimefundishwa na jembe.

Nina binti anaitwa Cresensia. Ukitaka kunihesabia kwa damu, ni mjukuu. Mama yake ndiye mwanangu wa kumzaa, akafariki mtoto bado ananyonya. Baba yake alikuwa amekwenda Mererani kutafuta Tanzanite.

Anaitafuta mpaka leo.

Basi nikamlea mimi. Uji wa ulezi mimi, surua mimi, ada mimi. Siku alipofungua mdomo wake kuniita "mama" sikumsahihisha, na ole wake mtu mwingine atakayejaribu kumsahihisha.

Sasa huyo baba yake, enzi zile anamchumbia mwanangu, alikuwa na tabia moja. Akija kwangu anasimama mlangoni.

"Karibu chai, baba."

"Nina haraka, mama."

"Makande haya hapa, ya moto."

"Siku nyingine, mama."

Nikamwambia marehemu mwanangu, mtu asiyekula kwenu hana mpango wa kukaa. Hakunisikia. Yaliyofuata mmeyajua.

Kwa hiyo Cresensia alipokua nikaweka sheria, na nikaitangaza mpaka kanisani. Anayemtaka Cresensia ale mbele ya macho yangu. Nione kijiko kinaingia mdomoni. Asipokula, simpi mtoto, hata awe na ndege.

Akaja Lemayian.

Lemayian ni Mmaasai wa Kakesio, huko ndani ya hifadhi ya Ngorongoro. Kazi yake ni kuongoza watalii, wanashuka kreta asubuhi wanapanda jioni. Cresensia anauza kwenye duka la dawa Karatu mjini, huko ndiko walikojuana. Mimi nilimwona kwenye simu tu. Kijana mrefu, meno meupe, macho ya utani.

"Mama, huyu ndiye," Cresensia akaniambia. Alikuwa anakunja kitambaa cha meza, anakikunjua, anakikunja tena. "Usipomkubali huyu, mimi sitaki mwingine."

"Anakula?"

"Mama jamani! Anakula kama mashine ya kupukuchua mahindi."

"Basi nimwone."

Hapo ndipo alipoingia mfalme wa Thailand.

Ipo hoteli moja ya kitalii, juu huko kwenye mashamba ya kahawa, kabla hujafika geti la Ngorongoro. Wamefungua mgahawa wa chakula cha Kithai. Siyo kile cha barabarani. Cha ikulu. Mpishi mwenyewe mama wa Kithai, kafundishwa na shangazi yake aliyekuwa jikoni kwa mfalme. Lemayian aliwahi kuwapeleka wageni wa mwenye hoteli wakamwona faru na mtoto wake. Yule tajiri akafurahi, akamwambia, siku ukitaka kuchumbia, leta wazazi wa pande zote, mle kwangu bure.

Kijana akaona hii ndiyo nafasi. Bibi anataka kuniona nakula? Basi nitakula mpaka vya mfalme.

Wazo zuri kabisa.

Jumamosi tukapanda. Mimi, Cresensia, na mwanangu Wilibrodi, mjomba wake Cresensia, ambaye alikuwa amevaa suti ya harusi yake, haifungi.

Pale mlangoni tukakutana na wakwe. Mzee Koinet, baba yake Lemayian, na mkewe, mama Nanyokie. Mzee yuko ndani ya shuka safi nyekundu, fimbo mkononi, na anabishana na mlinzi.

"Fimbo inabaki nje, mzee. Ni utaratibu."

"Fimbo ikibaki nje, mimi nimeingia na nani?"

"Mzee, humo ndani ni sakafu ya mbao."

"Na hii fimbo unadhani ni ya chuma?"

Nikampenda papo hapo. Akanisalimia, "Takwenya!" nikamwitikia, "Iko!" Fimbo ikaingia.

Mara Lemayian akaja mbio mbio, anacheka, kanyoosha mikono yote miwili.

"Kokoo! Kokoo wangu! Nimesikia Baray wazee wanapanga foleni kwako. Mimi nipange nyuma ya nani?"

Mama Nanyokie akaangua kicheko. Mimi nikasimama kama mti.

"Kokoo ndiyo nani?"

"Ni bibi, mama. Kwa Kimaasai," Cresensia akaninong'oneza.

Wee!

Mnakumbuka niliyosema kuhusu ole. Nikaweka mkoba chini.

"Sikiliza, baba. Hapa hakuna bibi. Bibi ni wa watu wengine. Huyu Cresensia nimemlea mimi toka yuko mgongoni, mama yake ni mimi. Kwa hiyo mimi ni mama mkwe wako. Nichukulie hivyo hivyo."

Kicheko kikakatika kama umezima redio.

Lemayian akashusha mikono. Akainamisha kichwa. Akarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine.

Nikasema moyoni, vizuri, adabu imeingia.

Mzee Koinet akanitazama kwa makini. "Umesema mama mkwe?"

"Nimesema."

"Umesema mbele ya watu wote?"

"Hata mkiniletea kipaza sauti nitasema."

"Sawa," akasema taratibu. "Tumesikia." Akamtazama mkewe, na mkewe akavuta shuka akafunika mdomo.

Tukaingia ndani.

Wajukuu, kule ndani ni kwingine. Viti vya mahameli. Vitambaa vimekunjwa kama ndege. Kona moja kuna pazia la mbao lililochongwa matundu matundu, mapambo tu. Tikiti maji limechongwa waridi, nikaligusa kuhakikisha. Papai nalo ua. Karoti nazo majani. Nikawaza huyu mwenye kisu angekuwa Baray siku ya kumenya viazi vya kipaimara tungelala na njaa.

"Mama, usiguse," Wilibrodi akanong'ona. "Hapa ni kishua."

"Kwani kugusa ni kishamba?"

"Ongea taratibu basi."

Kisha Lemayian akafanya kitu cha ajabu. Badala ya kukaa mbele yangu, akamnong'oneza mhudumu, kijana wa Mbulu anaitwa Emilian. Wakabeba kiti mpaka mwisho kabisa wa meza, wakakigeuza ubavu. Kijana akakaa anatazama dirishani, msituni huko, kana kwamba kuna mtu anamsubiri.

Nikajiambia, labda anaona aibu. Chakula kitamgeuza.

Chakula kikaja.

Emilian akasimama wima, akatueleza. Chakula cha ikulu, akasema, hakina mfupa, hakina mwiba, hakina kokwa. Kitu chochote ambacho mfalme angelazimika kukitema hakiingii mezani. Na kila tonge ni la mdomo mmoja, ili mfalme asionekane anapambana na nyama.

"Nyama bila mfupa?" Mzee Koinet akauliza. "Sasa utajuaje umepewa sehemu ya mzee au ya mtoto?"

"Kwa mfalme zote ni zake, mzee."

"Huyo hana wazee."

Sahani ya kwanza ilikuwa maua. Nasema maua, ya zambarau, madogo, yamefinyangwa kwa unga wa mchele petali kwa petali, ndani kuku wa kusaga. Kila mtu matatu. Nikalisogeza moja kwa uma nione kama lina shina. Nikatia mdomoni. Laini, tamu kidogo, chumvi kidogo, halafu limekwisha. Lilipita kama salamu ya mtu yuko kwenye pikipiki.

Mzee Koinet akala lake moja. "Hiki mbuzi wangu angekipenda," akasema. Akaongeza la pili.

Mimi macho yangu yako mwisho wa meza.

Maua matatu ya Lemayian yako palepale. Mikono yake iko mapajani.

Haya, nikasema, kijana hapendi maua, tusimwonee.

Ikaja sahani ya pili. Vipande vya nanasi vimebebeshwa karanga na kuku, juu kabisa kijani cha giligilani na kipande cha pilipili. Mama Nanyokie akafunga macho akitafuna. Wilibrodi akamaliza vyake akaanza kutazama vyangu.

Lemayian? Dirishani.

Ikaja ya tatu, na hiyo, wajukuu, mniombee. Wali kwenye maji baridi. Si uji, msijidanganye. Wali mzima mzima unaogelea kwenye bakuli, na barafu, na maua ya asmini juu. Pembeni vijisahani vya vitu vya kukaanga vitamu. Emilian akasema wafalme walikula hivi wakati wa joto kali.

"Na hapa kuna joto kali?" nikamuuliza. Nje ukungu wa Ngorongoro ulikuwa umeshuka mpaka kwenye vioo, na mimi nimejifunika shali mbili.

"Ni kwa ajili ya uhalisia, mama."

Nikaunywa huo uhalisia, meno yakaniuma mpaka kisogoni. Lakini nilikula! Kwa sababu mtu amepika. Mzee Koinet alikula! Mzee wa Kakesio, aliyekulia maziwa na nyama, alikula wali wenye barafu kwa ajili ya mtoto wake!

Na mtoto mwenyewe hajagusa hata kijiko.

Hapo damu ikaanza kuchemka. Lakini kilichonivuruga zaidi ni yule mzee. Kila sahani ya kijana ilipoondoka imejaa, yeye anatikisa kichwa kwa furaha, kama mtu anayehesabu ng'ombe wanarudi jioni na wote wapo. Mwanao anamdharau mwenyeji wake, na wewe unatabasamu?

Cresensia alikuwa ameshaacha kula. Akamwinamia mwenzake. "We, vipi? Kula basi."

"Nitakwambia baadaye."

"Baadaye lini? Mama anakuangalia."

"Ndiyo maana," akasema kijana, kwa sauti ndogo.

Ndiyo maana nini? Sikuelewa, nikaongeza hilo nalo kwenye hesabu ya hasira.

Sahani ya nne. Nyama ya ng'ombe kwenye mchuzi mzito, viazi, karanga, tui la nazi, mdalasini. Harufu ile! Ingeweza kumfufua mtu. Mzee Koinet alitaka kwanza kujua kama hicho cheupe ni maziwa, maana kwao nyama na maziwa havikutani tumboni siku moja. Akaambiwa ni nazi.

"Maziwa ya mti," akasema. "Mti hauna ndama. Leta."

Mimi nikajiambia, hapa sasa. Maua alikataa, nanasi alikataa, barafu hata mimi ningekataa. Lakini Mmaasai gani anakataa nyama?

Nikamwona anaitazama. Nikaliona koo lake likipanda na kushuka. Kijana ana njaa! Ana njaa inayoonekana! Halafu akageuza uso, akarudi dirishani.

Nikashindwa.

"Lemayian, baba," nikamwita, kwa upole wa kujilazimisha. "Chakula kikoje?"

Akageuza kiti kidogo zaidi kuelekea dirishani.

"Nimeuliza. Chakula kikoje?"

Akafungua mdomo. Akamtazama baba yake. Akafunga mdomo. Akainama, anaangalia vidole vyake kama vimeletwa na mhudumu.

"Mama, presha yako," Wilibrodi akaninong'oneza.

"Presha niachie mwenyewe!"

Mara mlango wa jiko ukafunguka, akatoka mpishi. Mama mfupi, nguo nyeupe, nywele kazifunga. Kumbe sahani zinazorudi zilikuwa zinapita mbele yake. Akaja moja kwa moja kwangu mimi mkubwa wa meza, akanyanyua viganja akaviunganisha, akaniinamia. Akasema maneno, Emilian akayageuza kwa Kiswahili huku ameona haya.

"Anauliza amekosea nini. Anasema shangazi yake alimfundisha, sahani ikirudi imejaa kutoka kwa mfalme, kosa ni la mpishi. Anaomba umwambie kosa."

Yule mama macho yalikuwa yamelowa.

Basi.

Mimi nimepika maisha yangu yote. Najua maumivu ya sufuria inayorudi ilivyokwenda. Nikaona tena yule mwingine amesimama mlangoni pangu na haraka yake, nikamwona mwanangu anafunika makande kwa sahani ili yasipoe, yakapoa.

Nikasimama.

"Mwambie mpishi hana kosa. Kosa liko pale kwenye kiti. Mzee Koinet, mama Nanyokie, mmetuheshimu, asanteni. Lakini mimi nina sheria yangu. Asiyekula mbele yangu simpi mtoto. Harusi hakuna. Wilibrodi, chukua mkoba."

"Mama!" Cresensia akapiga kelele mpaka Wazungu wa meza ya pili wakageuka. "Mama, unanifanyia nini?"

Lemayian akafunika uso kwa viganja.

Na Mzee Koinet, hebu sikia, Mzee Koinet akapiga fimbo chini kwa furaha.

"Ameshinda!" akasema. "Kijana wangu ameshinda! Mama mkwe, wewe ni mkali, nimekuvulia kofia nisiyokuwa nayo. Nilijua watu wa Baray wanajaribu wakwe, lakini kwa chakula cha mfalme! Nyama yenyewe inanukia vile! Na mkono hakuinyooshea. Basi, jaribio limetosha. Mruhusu sasa akale huko nje kwenye gari, atazimia."

Nikabaki nimeshikilia kiti.

"Jaribio gani?"

Wakatazamana.

"Si ulikuwa unamjaribu?" mzee akauliza. "Kama atakula mbele yako?"

"Nilikuwa nasubiri ale!"

Emilian akajifanya anapangusa glasi iliyokuwa safi.

Mama Nanyokie ndiye aliyenisogelea. Akanishika mkono akanikalisha.

"Yeyo," akasema, na hilo ni mama kwa lugha yao. "Hujui? Miaka yote mnanunua mbuzi kwetu, mnatuuzia vitunguu, hujui?"

"Sijui nini?"

"Kwetu kijana hali mbele ya mama mkwe. Hawezi. Ni kama umwambie avue nguo. Mama mkwe anaheshimiwa mpaka chakula kinakwama. Lakini bibi wa msichana, huyo ni mtani. Unamwita mke wangu, unamnyang'anya nyama kwenye sahani moja. Huyu toka asubuhi alijua anakuja kula na bibi. Njia nzima alikuwa anatunga utani wa kukuchekesha. Ulipomkatalia pale mlangoni, ukasema wewe ni mama mkwe..."

Hakumaliza. Hakukuwa na haja.

Haya wajukuu, jibu la kitendawili mmelipata. Ni mkwe.

Sheria yangu inasema ale mbele ya macho yangu. Mila yake inasema asile mbele ya macho yangu. Na aliyeufunga mlango huo kwa mikono miwili ni mimi Selina, kwa mdomo wangu, mbele ya watu wote, bila hata kipaza sauti. Baba mtu anaona ninamjaribu mwanawe. Kijana hawezi kunieleza, kwa sababu mtoto hamfundishi mama mkwe mila mezani. Kila mmoja amekaa na heshima yake, na chakula kinapoa.

"Ni jambo dogo," Mzee Koinet akasema. "Tuliweke sawa. Sema tu, mimi ni bibi. Neno moja. Kijana anavuta sahani, wewe unaona kijiko, sheria yako imetimia, tunapanga siku."

Neno moja.

Nikamtazama Cresensia. Nikafikiria usiku wa surua. Lakini nikafikiria pia sura yake aliponiambia hataki mwingine. Mama ni nini, kama hawezi kulipa neno moja?

Nikavuta pumzi. "Haya. Mimi ni..."

"Asiseme!"

Cresensia alikuwa amesimama. Machozi yanatoka, lakini sauti kavu.

"Mimi mama ninaye mmoja, na ni huyu. Mkitaka bibi mkaazime. Lemayian, kama utakula kwa sababu mama yangu ameshushwa cheo, basi usile. Tukae na njaa wote wawili mpaka tuzeeke."

Kwa mara ya kwanza toka tuingie, yule kijana akageuka kutoka dirishani. Hakunitazama mimi, alimtazama baba yake. Akasema maneno machache kwa Kimaasai, taratibu.

Nikamuuliza mama Nanyokie kasema nini.

"Kasema yeye hajaomba mama yake Cresensia abadilishwe. Kasema atavumilia."

Wajukuu zangu, nilikaa pale nikiwa nimeishiwa. Hasira ilikuwa bado ipo, ila haina pa kwenda. Umkasirikie nani? Mkwe anayekuheshimu mpaka anakonda? Binti anayekupenda mpaka anakataa kuolewa? Nikabaki kuikasirikia sheria yangu mwenyewe, na ile imetoka kichwani mwangu, haikuteremka mlimani.

Nikaigeuza kama unavyogeuza gunia kutafuta upande usiotoboka.

Nilitaka nini hasa? Macho yangu, au kijana ale nasi?

"Emilian, mwanangu," nikaita. "Lile pazia la mbao pale kona linafanya kazi gani?"

"Mapambo, mama."

"Lilete lifanye kazi."

Wakalibeba, yeye na Wilibrodi, suti ikapasuka mgongoni, hakuna aliyecheka ila mimi. Wakalisimamisha katikati ya meza. Nikahama na bakuli langu, nikakaa upande wa huku peke yangu na nusu ya sahani. Upande wa kule wakabaki wote. Nikageuza na kiti, nikawapa mgongo, ili hata matunduni nisichungulie.

"Mpishi, mama yangu," nikasema. "Pasha moto ile nyama. Yote."

Mnasubiri funzo? Nawapa sasa hivi, maana maneno ya mwisho si ya kwangu.

Usitunge sheria ya kumpima mtu kabla hujamuuliza kwao wanapimana kwa kitu gani. Unaweza ukamkuta ameshinda mtihani wake, wewe unamwandikia sifuri kwenye wako. Na nyie mnaooana makabila tofauti, msiwaachie wazee wagundue mezani. Semeni mapema, hata kama ni aibu. Aibu ya dakika moja haina uzito wa meza nzima kuachwa na njaa.

Basi nikakaa kule nyuma ya pazia, uso ukutani. Kwanza sikusikia kitu. Kisha kiti kikaburuzwa, kikasogezwa karibu na meza. Kijiko kikagonga sahani mara moja, kwa woga. Kikagonga tena. Halafu hakikuacha. Nikamsikia yule mama wa Kithai anacheka, na Mzee Koinet anamwambia mtu, "Taratibu, mfalme hapambani na nyama."

Sikuona kitu. Nilisikia kila kitu.

Nikafuta macho kwa ncha ya shali, nikakohoa kidogo sauti ikae sawa, nikauliza huku nimetazama ukuta.

"Lemayian, baba. Chakula kikoje?"

Kijiko kikasimama. Nikamsikia anameza.

"Kitamu, mama. Kama hicho cha upande wako hukimalizi, kipitishe huku."